Shajara ya mradi: kielelezo cha kituo cha umeme cha Adams, Niagara, kwa skeli ya 1:50

Tarehe 11 Januari

Leo nimeanza rasmi kutengeneza kielelezo cha jengo la kwanza la kituo cha umeme cha Adams, lililokuwa katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, kilomita zipatazo 2 juu ya maporomoko yenyewe. Kituo hicho kilianza kumpelekea mteja umeme tarehe 26 Agosti 1895, na kwa miaka yote niliyofundisha umeme katika chuo cha ufundi nilikuwa nikikitaja kwa sentensi mbili tu kabla ya kuwarudisha wanafunzi kwenye hesabu za transfoma. Sasa nimestaafu, banda lipo nyuma ya nyumba hapa Muheza, na shule ya sekondari ya jirani imekubali kukipokea kielelezo katika maabara yake ya fizikia kitakapokamilika.

Skeli niliyochagua ni 1:50, yaani kila mita 1 ya Niagara itakuwa sentimita 2 bandani kwangu. Sitalitengeneza jengo zima, ambalo hatimaye lilibeba mashine 10. Nitatengeneza kipande chenye nafasi ya mashine 2, kikiwa kimepasuliwa wima ili mtazamaji aone ndani.

Nimeanza na ukuta wa mbele, kwa kuwa ndio unaoonekana vizuri katika picha za zamani. Jengo lilibuniwa na kampuni ya wasanifu majengo ya McKim, Mead & White ya New York, na mwenye kalamu alikuwa Stanford White. Kuta zake zilikuwa za mawe ya chokaa yaliyoachwa na uso mparuzo, madirisha marefu, na lango la tao lenye uzito wa macho kama lango la ngome. Nimekata plaiwudi ya milimita 6, nimechora mistari ya mawe kwa penseli, na kufikia magharibi ukuta mmoja ulikuwa umesimama juu ya meza. Niliuangalia kwa furaha, na sasa naona furaha hiyo ilikuja mapema mno.

Tarehe 18 Januari

Mpwa wangu, ambaye ni fundi seremala na ndiye mwenye msumeno wa meza, alikuja kunisaidia kupanga madirisha. Aliuzunguka ukuta mara mbili, kisha akauliza, "Mjomba, nyumba nimeielewa. Maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi?"

Nilimwonyesha mchoro wa mkato wa kituo, na hapo hapo tukachukua futi ya chuma kupima. Chini ya sakafu ya jengo lile kulikuwa na shimo lililochongwa katika mwamba, jembamba kama ufa, lenye upana wa takriban mita 6 na kina cha mita 54 hivi. Kwa skeli yetu, kina hicho ni sentimita 108. Meza yangu ina urefu wa sentimita 75 kutoka ardhini. Kwa maneno mengine, hata kama ningeitoboa meza, turbini, yaani magurudumu yanayozungushwa na maji, zingekuwa zimefukiwa kwenye sakafu ya banda. Jengo lenyewe, lile nililolihangaikia wiki nzima, halifiki hata nusu ya kina cha shimo lake. Nilikuwa nimetengeneza kifuniko kabla ya chungu.

Tumeuweka ukuta kando. Mpwa wangu ataunda fremu ya kusimama yenye kimo cha mita 1.8, na kazi itaanzia chini kwenda juu.

Tarehe 25 Januari

Fremu imesimama. Kabla ya kuendelea naandika hapa jinsi shimo lile lilivyopatikana, kwa sababu bila hilo umbo la kila kitu kingine halieleweki.

Mwaka 1886 mhandisi Thomas Evershed, aliyekuwa akifanya kazi ya Mfereji wa Erie, alipendekeza maji yachukuliwe juu ya maporomoko kwa mifereji, yaangushwe katika mashimo mengi, kisha yatolewe kwa handaki moja refu litakalopita chini ya mji na kumwaga mtoni chini ya maporomoko. Katika wazo lake kila kiwanda kingekuwa na shimo lake na gurudumu lake. Umeme haukuwamo. Kampuni ya Cataract Construction, iliyoongozwa na Edward Dean Adams, ililichukua handaki la Evershed lakini mashimo yale mengi ikayakusanya yakawa moja, ikiwa na nia ya kufua nguvu mahali pamoja na kuipeleka inakohitajika. Namna ya kuipeleka ilikuwa bado haijaamuliwa. Mwaka 1890 tume ya kimataifa ilikaa London chini ya Sir William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, na miongoni mwa mapendekezo yaliyoshindanishwa yalikuwamo ya kusukuma hewa iliyogandamizwa ndani ya mabomba.

Handaki lilianza kuchimbwa Oktoba 1890 huku swali hilo likiwa halijajibiwa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi wiki hii: watu walichimba njia ya kutolea maji ya mtambo ambao hawajaujua. Handaki lilikuwa na umbo la kwato ya farasi, kimo cha mita 6.4 na upana wa mita 5.7 hivi, lenye kuta za matofali, na urefu wake ulizidi kilomita 2. Wachimbaji 28 walikufa katika kazi hiyo.

Kwa skeli ya 1:50 handaki lote lingehitaji zaidi ya mita 40. Tulipima kutoka bandani tukakuta mdomo wake ungetokea katika shamba la mihogo la jirani, nyuma kabisa ya choo chake. Kwa hiyo tumetengeneza sentimita 20 za mwanzo tu, kwa bati lililopindwa kwenye gogo, nalo limepakwa rangi ya tofali.

Tarehe 2 Februari

Kuta za shimo zimekamilika kwa plaiwudi iliyopakwa mchanga uliochekechwa juu ya gundi. Upande wa mbele umeachwa wazi na utafunikwa kwa plastiki angavu.

Tarehe 9 Februari

Leo ilikuwa siku ya mabomba, nayo imekwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Kila mashine ilikuwa na bomba lake la chuma la kushusha maji, lenye kipenyo cha mita 2.3 hivi, ambacho kwa skeli yetu ni milimita 46. Bomba la plastiki la inchi moja na nusu, lile la maji machafu linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, lina milimita 48 kwa nje, na tofauti hiyo hakuna macho yatakayoiona. Maji yaliingia kutoka kwenye mfereji mpana uliopita kando ya jengo, yakashuka wima, kisha bomba likapinda chini na kuingia katika sanduku la turbini.

Niliwapigia hesabu vijana wawili wa kidato cha nne waliopita kutazama. Kila turbini ilipokea takriban mita za ujazo 12 za maji kila sekunde, zikianguka mita 41.5. Zidisha kwa 9.81, utapata karibu kilowati 4,900. Turbini ilitakiwa itoe nguvu za farasi 5,000, ambazo ni kilowati 3,730 hivi. Kwa hiyo robo tatu ya nguvu ya maji ilikuwa ikifika kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka, na robo ilipotea katika msuguano, katika vurugu ya maji na katika kasi iliyobaki ndani ya maji yanayotoka. Kijana mmoja alisema robo ni nyingi. Nilimjibu kwamba kwa mashine za ukubwa huo, zilizochorwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, robo haikuwa aibu.

Tarehe 16 Februari

Shafti. Hiki ndicho kifaa kilichonifundisha zaidi kuliko vingine vyote, na ningekianzia kama ningekuwa na akili siku ile ya kwanza.

Katika kituo cha Hale, ambacho wanafunzi wa hapa wanakijua kwa kuwa kiko jirani kwenye mto Pangani, mashine 2 zenye jumla ya megawati 21 zimewekwa chini ya ardhi, jenereta karibu na turbini yake, na kinachopanda juu ni umeme ndani ya nyaya. Wahandisi wa Niagara hawakufanya hivyo. Turbini waliziacha chini ya shimo, jenereta wakaziweka juu kwenye sakafu kavu yenye mwanga, na kilichopanda juu ni mzunguko wenyewe, kupitia shafti iliyosimama wima kwa zaidi ya mita 40. Nadhani walikuwa na haki. Jenereta za wakati ule zilikingwa kwa mika na vitambaa, na sidhani kama ningemshauri mtu yeyote aziteremshe katika shimo linalorusha ukungu wa maji mchana na usiku.

Lakini shafti ya urefu huo ina tabia zake. Ikiwa ni nondo nzima na nyembamba, itapinda na kucheza kama kamba. Ikiwa ni nondo nzima na nene, uzito wake peke yake utakuwa tatizo. Jibu lao lilikuwa bomba. Shafti ilitengenezwa kwa mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 96 hivi, yasiyo na mshono wa wima, na pale tu ilipopita katika beringi ilibadilika kuwa chuma kizima chenye kipenyo cha sentimita 28. Mtu akiitazama anaona kitu kama muwa: pingili nene, kisha fundo jembamba, kisha pingili nene tena.

Kwa skeli yetu pingili ni milimita 19.3, na kondiuti ya kupitishia nyaya ina milimita 20. Mafundo ni milimita 5.6, na nondo ya milimita 6 ipo. Sijawahi kuona mradi ambao duka la vifaa limeujulia vipimo vyake kiasi hiki.

Tulifanya jaribio. Kwanza tulisimamisha nondo ya milimita 6 peke yake, urefu wote, bila beringi ya katikati, tukaizungusha kwa drili. Ilianza kuyumba papo hapo na kugonga ukuta wa shimo. Kisha tukaweka shafti ya kondiuti yenye mafundo, ikishikwa na beringi sehemu mbili katikati, na ikazunguka kwa utulivu hata drili ilipoongezwa kasi. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kusoma somo la mitambo, alisema kwa sauti ya mtu aliyeona jambo la kawaida kwamba ndiyo maana mianzi haianguki na upepo.

Tarehe 23 Februari

Mvua. Gundi ya mbao haikukauka. Hakuna kilichofanyika isipokuwa kusafisha bandani.

Tarehe 2 Machi

Turbini. Michoro yake ilitoka kwa Faesch & Piccard wa Geneva, Uswisi, na mashine zenyewe zilitengenezwa na I. P. Morris wa Philadelphia. Zilikuwa za aina ya Fourneyron, jina la Mfaransa Benoît Fourneyron aliyetengeneza turbini yake ya kwanza mwaka 1827, na katika aina hiyo maji huingia katikati ya gurudumu na kutoka kwa pembeni, kinyume na turbini za Francis zilizo nyingi leo, ambamo maji huingia kwa pembeni yakielekea katikati.

Kila mashine ilikuwa na magurudumu mawili katika shafti moja, moja juu na moja chini ya sanduku la maji, na kila gurudumu liligawanywa katika ngazi tatu ili mashine isipoteze sana ufanisi maji yanapopunguzwa. Kwa nje ya magurudumu kulikuwa na mkanda wa chuma mithili ya pete pana, ambao gavana, yaani kifaa cha kurekebisha kasi ya mashine, aliupandisha na kuushusha kufungua au kuziba njia za maji.

Jambo ambalo sikuwahi kulifundisha, kwa kuwa sikulijua, ni namna uzito ulivyobebwa. Shafti, magurudumu na sehemu yote ya jenereta inayozunguka ilikuwa na uzito wa makumi ya tani, na vyote vilining'inia katika mstari mmoja wima vikizunguka mara 250 kwa dakika. Beringi ya kubeba mzigo huo mfululizo, miaka nenda miaka rudi, ingekuwa kazi ngumu. Wabunifu waliyatwisha maji kazi hiyo. Sahani ya chini ya sanduku ilikuwa nzima, hivyo mgandamizo wa maji kuelekea chini uliishia kwenye sanduku lililofungwa kwenye mwamba. Sahani ya juu ilitobolewa, hivyo maji yalipita na kulisukuma gurudumu la juu kuelekea juu. Chini ya kina cha mita 41 kila mita ya mraba inabeba msukumo wa tani 41, kwa hiyo eneo la mita ya mraba moja na kitu lilitosha kuuinua mzigo karibu wote. Beringi ya juu iliachiwa tofauti ndogo tu, iwe ya kwenda juu au chini.

Wanafunzi hawakuniamini. Tulichukua kipande cha bomba la inchi mbili, tukaziba mdomo wake wa chini kwa kipande cha bati kilichoshikiliwa kwa uzi, tukakizamisha wima katika ndoo ya maji, kisha tukaachia uzi. Bati halikuanguka. Tukamimina maji ndani ya bomba polepole, na bati lilijishikiza hadi maji ya ndani yalipokaribia kulingana na ya nje. Waliporudia wenyewe kwa mara ya tano niliwaambia inatosha, sakafu imekuwa tope.

Tarehe 9 Machi

Gurudumu la turbini limekataa kukaa sawa. Nilikuwa nimekata mapezi kwa bati la kopo na kuyachomelea kwa risasi, lakini joto liliipinda sahani. Mapezi sasa yatakuwa ya plastiki na yatagandishwa. Kielelezo hakitatumia maji, kwa hiyo hakuna hasara ila ya heshima yangu.

Tarehe 16 na 17 Machi

Siku mbili zimekwisha kwa jenereta, na zingeweza kuwa nne.

Mkataba wa jenereta 3 za kwanza ulikwenda kwa Westinghouse mwaka 1893, mwaka ule ule ambao Lord Kelvin alituma simu ya maandishi kuionya kampuni isifanye kosa kubwa la kuchagua mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo tena na tena. Onyo halikufuatwa. Jenereta zilikuwa za fezi mbili, volti 2,200, zikitumia hataza za Nikola Tesla ambazo Westinghouse ilikuwa imezinunua.

Umbo lake ni la ajabu kwa fundi wa leo. Tumezoea stata, yaani sehemu iliyotulia, iwe nje na rota, yaani sehemu inayozunguka, izunguke ndani. Hapa koili zilikaa ndani zikiwa zimetulia juu ya nguzo fupi nene, na sumaku zilizunguka kwa nje, zikiwa zimefungwa kwa ndani ya pete kubwa iliyoning'inizwa kutoka juu kama mwavuli uliofunguliwa. Wazo la sumaku za nje lilitoka kwa George Forbes, mshauri wa umeme wa Cataract. Pete ilifuliwa kwa chuma chenye nikeli bila kiungo chochote, kipenyo chake cha nje kikiwa mita 3.5. Kwa mizunguko 250 kwa dakika, ukingo wake ulikwenda mita 46 kila sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 160 kwa saa, na hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji chuma cha namna ile.

Kwa nini mtu ajitafutie taabu hiyo? Jibu limo shimoni. Safu ya maji ndani ya bomba lenye kina cha mita 41 haisimamishwi kwa ghafla, kwa hiyo gavana hawezi kufunga haraka mteja mkubwa anapozima mashine zake. Lazima pawepo uzito unaozunguka wa kupokea mshtuko huo, yaani flaiwili. Lakini flaiwili ya kuongezewa ingezidisha mzigo wa kubebwa na maji. Forbes aliifanya jenereta yenyewe iwe flaiwili, akiupeleka uzito mbali na kitovu bila kuuongeza. Faida nyingine ni kwamba sumaku zikiwa nje, mvuto wake kuelekea ndani hupunguza kidogo nguvu inayotaka kuzitupa.

Pete yetu ni ukingo wa kopo la nyanya lenye kipenyo cha milimita 73, ambapo tulihitaji 70.6. Ndani yake nimegandisha sumaku ndogo 12, kaskazini na kusini kwa zamu.

Namba 12 ina habari yake. Kasi ya mizunguko 250 ilikuwa imekwisha kupangwa na watu wa turbini kabla watu wa umeme hawajakaa mezani. Kwa kasi hiyo, Forbes alitaka ncha 8 za sumaku, ambazo zingetoa masafa ya hezi 16 na theluthi mbili, yaani umeme kukamilisha mizunguko mingapi kwa sekunde. Westinghouse walitaka ncha 16, hezi 33 na theluthi moja. Wakakutana katikati: ncha 12, hezi 25. Masafa ya chini yaliwafaa wenye mota kubwa na wenye mitambo ya kugeuza umeme kuwa mkondo wa upande mmoja, kama mteja wa kwanza, kampuni ya Pittsburgh Reduction, iliyotengeneza alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Hayakuwafaa wenye taa. Namba hiyo, iliyozaliwa katika mapatano juu ya kasi ya gurudumu la maji, iliendelea kutumika katika eneo la Niagara kwa zaidi ya karne moja.

Nilitaka wanafunzi waione hezi 25 kwa macho. Nilizungusha koili kwa waya mwembamba, nikaunganisha kitaa chekundu cha LED, na kijana mmoja akazungusha shafti kwa drili ya mkono, mizunguko minne na kidogo kwa sekunde. Hakikuwaka. Koili yenye mizunguko 200 haikutoa volti za kutosha. Siku ya pili nimeisuka upya ikiwa na mizunguko 600, na kitaa kimewaka, lakini kikitetemeka kiasi cha kuumiza macho. Niliwaambia watazame balbu ya bandani, ambayo inalishwa na hezi 50, kisha warudi kwenye kitaa. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Tarehe 30 Machi

Leo nimeurudisha ukuta wa Stanford White mahali pake, juu ya fremu.

Jengo hili nilidhani nalielewa tarehe 11 Januari. Sasa naliona kwa namna nyingine. Ni refu na jembamba kwa sababu shimo ni refu na jembamba. Lingekuwa kosa kulipa umbo jingine. Ndani ni ukumbi mmoja usio na kuta za kugawa, kwa sababu kreni ilitembea juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho ikipita juu ya kila jenereta, na sehemu yoyote ya mashine ilibidi iweze kuinuliwa moja kwa moja kutoka shimoni. Madirisha marefu hayakuwa pambo tu: mafundi walihitaji mwanga wa mchana juu ya mashine zenye kasi ile. Ninachomsifia White ni kwamba hakujifanya anajenga kitu kingine. Angeweza kukivika kiwanda vazi la hekalu, kama wengine walivyofanya. Alichukua mawe ya chokaa, akayaacha na uparuzo wake, na jengo likaonekana kama sehemu ya mwamba uliotobolewa chini yake.

Reli za kreni tumetengeneza kwa vipande vya alumini ya fremu za dirisha. Kreni yenyewe inatembea, ingawa hukwama kwenye kiungo cha pili.

Tarehe 6 Aprili

Nilikuwa nimepanga kuongeza jengo la transfoma, lililokuwa ng'ambo ya mfereji likiunganishwa na jengo la mashine kwa daraja la mawe lenye nyaya. Huko ndiko umeme wa fezi mbili ulikogeuzwa kuwa wa fezi tatu, kwa mbinu ya transfoma mbili aliyoibuni Charles F. Scott wa Westinghouse, na kupandishwa hadi volti 11,000 kwa safari ya kilomita 42 kwenda Buffalo, ambako ulifika usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 1896. Nafasi haipo. Fremu haiwezi kupita mlangoni ikiongezwa upana.

Uamuzi huu unaniuma kidogo, kwa kuwa jengo hilo dogo ndilo pekee lililobaki. Jengo la pili la mashine liliongezwa kufikia 1904, likiwa na mashine 11 na turbini za Francis, na hivyo kituo kikawa na mashine 21. Mwaka 1961, kituo kipya cha Robert Moses kilipoanza kazi chini zaidi mtoni, kikitumia maji yale yale kwa mwanguko mkubwa zaidi, majengo yote mawili ya mashine yalibomolewa. Lango la tao la jengo la kwanza liliokolewa na kusimamishwa upya katika Kisiwa cha Goat, kando ya maporomoko. Jengo la transfoma lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani mwaka 1983.

Lango limebaki bila shimo lake, na watalii hupiga picha chini yake. Sisemi lilikuwa kosa kuliokoa. Nasema tu kwamba mtu anayeliona pale anaona kile kile nilichokiona mimi katika wiki ya kwanza.

Tarehe 13 Aprili

Kielelezo kimefikishwa shuleni kwa mkokoteni, kikiwa kimelazwa juu ya magodoro mawili. Beringi moja ya kati ilitoka njiani na nimeirudisha kwa gundi ya dakika tano.

Kimesimamishwa katika kona ya maabara. Ukumbi wa jenereta uko usawa wa kifua cha mtu mzima, na turbini ziko karibu na sakafu, hivyo anayetaka kuziona lazima apige magoti. Mwalimu wa fizikia alipendekeza kiinuliwe juu ya benchi, lakini hapo jengo lingegusa dari. Tumekiacha chini. Kazi zilizobaki ni tatu: kubandika majina ya sehemu, kuziba mwanya kati ya plastiki angavu na ukuta wa kulia, na kutafuta mahali pa kuweka drili ya mkono ambapo vijana wa kidato cha kwanza hawataifikia.